Zamu ya Kulisha na Zamu ya Kula: Maadili ya Chakula katika Utendi wa Fumo Liyongo

Kiswahili kina maneno mawili ya kuutaja ulaji wa pamoja, na tofauti iliyopo baina yake ni ya kimaadili kabla ya kuwa ya kimsamiati. Watu wakila bia, kila mmoja hutoa fungu lake siku ile ile: huyu unga, yule samaki, wa tatu nazi. Chakula huivishwa, kikaliwa, na deni likaisha pale pale mkekani. Watu wakila kikoa, mambo huwa mengine. Leo mmoja huwalisha wenziwe wote, kesho mwingine, kesho kutwa wa tatu, hata duru ikamilike. Bia haidai imani kubwa, kwa kuwa kila mlaji anaona kwa macho yake kilichotolewa na mwenziwe. Kikoa kinadai imani tele. Aliyelisha siku ya kwanza hana dhamana yoyote mkononi. Anachokitegemea ni kwamba walioshiba kwake hawatatoweka zamu zao zitakapowadia. Anapokula kwa wenziwe siku zinazofuata hapokei fadhila wala hapokei malipo. Anashuhudia ahadi ikitimizwa.

Makala haya yanakusudia kulichunguza swali linalozaliwa na mila hii: kula pamoja humfunga mtu kwa mwenziwe kwa kifungo gani, na ni kitu gani hasa kinachovunjika mlaji anapomgeukia aliyekula naye? Utungo utakaotumiwa ni Utendi wa Fumo Liyongo, uliotungwa na Muhamadi Kijumwa wa Lamu mwaka 1913. Simulizi yenyewe ni kongwe kuliko utendi huo. Edward Steere alikuwa amekwisha kuichapisha kwa nathari katika Swahili Tales mwaka 1870. Wahakiki wengi wamemjadili Liyongo kwa upande wa ushujaa wake, ushairi wake, na suala la iwapo aliishi kweli na lini. Mijadala hiyo ina thamani yake. Hata hivyo, msomaji akiupitia utendi huu kwa jicho la mpishi badala ya jicho la mwanahistoria, atagundua kwamba takriban kila pigo kubwa katika hadithi hii limepitia penye chakula au penye maji.

Mfalme wa Pate anamhofia Liyongo na anataka auawe. Watu wa mwituni wanaoishi naye wanakubali kuifanya kazi hiyo, ila hawathubutu kumkabili uso kwa uso. Njia wanayoibuni ni kikoa. Wanakubaliana wale makoma, na kila siku mmoja wao ataupanda mkoma na kuwaangushia wenziwe matunda. Zamu ya Liyongo ikifika, akiwa juu ya mti mikono imeshika shina, watamfuma kwa mishale. Siku hiyo inawadia. Liyongo, aliyekwisha kung'amua hila, anachagua mkoma mrefu kuliko yote, anatwaa uta wake, na kuyaangusha makoma kwa mishale pasi na kuuondoa mguu ardhini. Wenziwe wanapata matunda yao, hawakupata walichokitaka.

Tukio hili husomwa kwa kawaida kama kielelezo cha werevu na ulengaji shabaha wa shujaa. Usomaji huo ni sahihi ila ni mfupi. Maadui hawa wangaliweza kumvizia njiani. Wangaliweza kumtilia sumu. Badala yake waliteua ile dakika ambayo katika kikoa ndiyo yenye heshima kubwa kupita zote, dakika ya mtu kuwatumikia wenziwe. Silaha waliyoitegemea haikuwa mshale peke yake, bali pia uaminifu wa Liyongo mwenyewe: walijua atapanda kwa sababu wao walikuwa wamepanda, na kwamba mtu wa muruwa hali makoma ya wenziwe siku zote hizo kisha akakataa kuwachumia. Wema wake ndio waliotaka umpeleke juu ya mti. Ukubwa wa uovu huu haupimwi kwa kulinganisha kifo na kifo, maana aliyekufa kwa kuviziwa na aliyekufa mkomani wote ni maiti. Unapimwa kwa kile kinachobaki baada yake. Anayeua njiani huifanya njia iogopwe. Anayeua kwa kikoa huufanya ukarimu uogopwe, na jamii inaweza kuishi bila njia moja kwa urahisi zaidi kuliko kuishi bila ukarimu.

Jibu la Liyongo nalo linastahili kutazamwa upya. Hakukasirika, hakuwashitaki, hakukimbia siku hiyo na kuliacha deni. Alilipa. Makoma yaliyodaiwa yalianguka chini, na pengine yalikuwa mengi kuliko ya waliomtangulia. Kwa kitendo kimoja aliitimiza ahadi ya kikoa na papo hapo akaonyesha kwamba anajua imevunjwa. Mhakiki anayemwona hapa kama bingwa wa upinde tu anampunja. Huyu ni mtu aliyekataa uovu wa wenziwe umpe ruhusa ya kutolipa.

Kiswahili chenyewe kimelihifadhi jambo hili katika kitenzi kimoja. Watu hula kikoa, na watu hula njama. Mtu hula kiapo, hula rushwa, hula hasara, hula mali ya yatima, na akiishi sana husemwa amekula chumvi nyingi. Wanaisimu huliita jambo hili upanuzi wa maana na kuendelea na safari yao. Mwanafasihi hana budi kusimama. Wale watu wa mwituni chini ya mkoma walikuwa wakila vitu viwili kwa wakati mmoja na kwa kitenzi kimoja, na lugha haikuwasaidia kutenganisha. Kula kwa Kiswahili ni kukitia kitu ndani ya nafsi kiasi kwamba hakiwezi kurudishwa: kiapo kilicholiwa hakitapikwi, rushwa iliyoliwa humkaa mtu tumboni. Wanaojiuliza kwa nini wizi wa mali ya umma katika nchi hii huitwa ulaji wangeanzia hapa, maana neno hilo halikuchaguliwa kwa mzaha.

Mila ya sinia katika mwambao hulieleza zaidi. Watu wanne au watano huketi kulizunguka sinia moja la wali, kitoweo kikiwa kati. Hakuna ukuta unaotenga fungu la huyu na la yule. Adabu hufundisha kwamba kila mtu ale cha mbele yake, kwa mkono wa kulia, na asivuke kati kumegua nyama kabla mkubwa hajaigawa. Mipaka ipo, lakini haionekani. Kila mlaji huichora mwenyewe kwa mkono wake, tonge baada ya tonge. Sahani ya peke yake humwondolea mtu mtihani huu. Aliye na sahani yake anaweza kuwa mlafi pasi na kumdhuru jirani, na anaweza kuwa na kiasi pasi na mtu kufaidika. Penye sinia, kiasi cha mmoja ni shibe ya mwingine.

Ndipo ile methali maarufu inaposema kwamba ukila na kipofu usimguse mkono. Inaweza kusomwa kama wosia wa hila: usimguse, asije akashtuka na kuanza kupapasa, akatambua kwamba nyama yote imevutwa upande wako. Inaweza pia kusomwa kama wosia wa staha: usimguse, asije akadhani unamzuia, naye ni mwenzako sinianí kama mtu mwingine yeyote. Maneno ni yale yale. Anayeyabadilisha ni mlaji. Wanafunzi wanapofundishwa methali hii huelezwa maana moja tu, na aghalabu ni ile ya hila. Hilo linasema mengi kuhusu wafundishaji kuliko kuhusu methali.

Swali la nani kipofu penye chakula hupata jibu lisilotarajiwa katika sehemu ya utendi inayomhusu Liyongo gerezani. Amefungwa pingu na minyororo, na walinzi wamemzunguka. Mama yake humpelekea chakula kwa mkono wa kijakazi, Saada. Kila chakula kizuri kinapofika, walinzi hukila wao na kumwachia mfungwa kilicho duni. Liyongo anatunga wimbo, na ndani ya wimbo huo, mbele ya masikio ya walinzi wasioutambua, anamtuma Saada amwambie mama yake aoke mkate wa wishwa na kutia tupa ndani yake. Mama anaoka. Anapika na vyakula vinono vya kuandamana na mkate huo. Walinzi wanachagua vinono, wanaucheka ule mkate wa makapi, wanamtupia mwenyewe. Baadaye, kelele za ngoma ya gungu aliyoomba ichezwe kama haja yake ya mwisho zinaufunika mlio wa tupa inayokata minyororo.

Inafaa kuutafakari mkate huu kwa utulivu, kwa kuwa ndio kiini cha falsafa ya utendi mzima. Je, mama alidanganya? Kwa hakika alificha chuma ndani ya chakula, na chakula ni kitu ambacho binadamu hukipokea kwa kuamini. Mtu anaweza kusema kwamba alifanya lile lile walilolifanya watu wa mkomani: aligeuza chakula kuwa chombo cha siri. Upinzani huu una uzito na haufai kupuuzwa. Hata hivyo, hila ya mkomani ilimnasa mtu mwema kwa wema wake, ilhali hila ya mkate haikuweza kumnasa yeyote isipokuwa mwizi. Laiti walinzi wangaligawa kwa haki, wakala baadhi ya makapi na kumwachia mfungwa baadhi ya vinono, wangaliimega tupa kwa meno yao. Laiti wangalikula wishwa wote na kumpa yeye wali, Liyongo angalikufa ameshiba. Walishindwa na mfungwa kwa sababu hawakuweza kufikiri kwamba kitu chenye thamani kinaweza kukaa ndani ya kitu wasichotaka kukila. Kilichowapofusha ni kule kuchagua kwao. Mama hakuhitaji kuwafumba macho. Alihitaji tu kuwajua.

Kuna kinaya kikubwa hapa ambacho Kijumwa hakukieleza kwa maneno, na alifanya vyema kutokieleza. Walinzi hao waliwekwa na mfalme ili wamlinde mfungwa. Kazi yao ilidai wakichunguze kila kinachoingia. Walichunguza kweli, ila kwa ulimi. Ulaji wao ulikuwa umechukua mahali pa ulinzi wao, na walifika kuamini kwamba kuonja ndiko kukagua. Dola ya mfalme wa Pate katika usimulizi huu haibomolewi na jeshi. Inabomolewa na watumishi wake ambao wameona cheo kama mlango wa jikoni.

Msomaji wa Kenya hahitaji kuelekezwa zaidi ya hapo. Katika siasa za nchi hii usemi kwamba sasa ni zamu ya watu fulani kula umekuwa wa kawaida kiasi kwamba mwanahabari Michela Wrong aliutumia kuwa jina la kitabu chake cha mwaka 2009 kuhusu John Githongo na ufisadi aliouanika. Usemi huo umechunguzwa sana kwa upande wa ukabila na uchumi. Upande wake wa lugha haujatazamwa vya kutosha. Neno la kutia shaka ndani yake si kula, ni zamu. Zamu ni neno la kikoa. Lina heshima yake ya kale, na ni heshima hiyo inayoufanya usemi usikike kama madai ya haki: wengine wamekula, basi nasi tukae, ndio usawa. Lakini katika kikoa hakuna zamu ya kula hata siku moja. Wote hula kila siku. Zamu ni ya kulisha. Anayesema zamu yake imefika anatangaza kwamba leo moshi utaonekana kwake, na kwamba yeye ndiye atakayetumika. Usemi wa kisiasa umelichukua neno la mtu anayetoa ukalivika mtu anayetwaa. Wale wa mkomani walivunja kikoa kwa mishale, na angalau walijua wanafanya nini. Usemi huu umekivunja kwa kubadilisha maana, na wanaoutumia hawaoni kilichovunjika.

Fasihi ya Kiswahili ya karne hii imeliona jambo hili kwa ukali. Katika diwani Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine, iliyohaririwa na Said A. Mohamed na Alifa Chokocho na kuchapishwa mwaka 2016, hadithi mbili zinakabiliana moja kwa moja na mlaji asiye na zamu. Katika Shibe Inatumaliza ya Salma Omar Hamad, Sasa na Mbura wanaandamana kwenda kwenye sherehe ya Mzee Mambo, na mazungumzo yao yanakizungusha kitenzi kula hata kinapoteza ladha kinywani mwa msomaji. Hadithi ina tashtiti kali, ingawa mahali pengine dhamira inatangulia wahusika. Ile ya Said A. Mohamed iliyoipa diwani jina lake ndiyo iliyofika mbali zaidi. Jitu linaingia katika mkahawa duni wa Mzee Mago, mtaani Madongoporomoka, na kula vyakula vyote vilivyoandaliwa kwa wateja wa mahali hapo. Wanaomtazama hawana wanaloweza kulifanya. Kisha mabuldoza yanakuja kuvibomoa vibanda vyao.

Wahakiki wameliona jitu hilo kama jazanda ya tabaka la mabwanyenye wanaonyakua ardhi, na hapana shaka ndivyo lilivyo. Linalostahili kuongezwa ni kwamba mwandishi alimpeleka mlaji wake mkahawani. Hakumpeleka kwanza penye ardhi. Angaliweza kuanza na mabuldoza, lakini aliliketisha jitu penye chungu cha maskini, likala mbele yao chakula ambacho kila mmoja wao alikuwa na fungu lake ndani yake. Ardhi inapokuja kumezwa baadaye, msomaji amekwisha kuijua dhuluma hiyo kwa tumbo lake. Jitu limekula penye watu wengi, ila halikula na mtu yeyote. Walinzi wa Liyongo walikuwa wezi, lakini walimwachia mfungwa makapi, na ndani ya makapi mlikuwa na tupa. Jitu la Madongoporomoka haliachi makapi. Pengine hapo ndipo ulipo umbali kati ya dhuluma ya utendi na dhuluma ya leo, na ndiyo sababu hadithi ya mwaka 2016 haina mama anayeoka mkate.

Kabla ya kikoa kusifiwa kupita kiasi, hata hivyo, kuna mtu mmoja anayelazimu kutajwa. Ni Saada. Wali, vitoweo na ule mkate wenye tupa vyote vilipita mikononi mwake. Alibeba chakula kizuri asichopewa, akawaona walinzi wakikila, akarudi na chombo kitupu. Aliuchukua wimbo kichwani na kuufikisha bila kupoteza neno, na laiti angalipoteza neno moja kusingalikuwa na utendi. Katika kila sehemu ya hadithi hii watu wanakula au wananyimwa: mfalme, walinzi, Liyongo, watu wa mwituni. Saada peke yake haonekani akila wala akinyimwa. Hakuna anayejiuliza. Kikoa kilikuwa cha waungwana na wenzao, na waliotwanga, waliopepeta na waliochochea moto hawakuhesabiwa katika duru. Wishwa wenyewe hautoki hewani. Kuna mtu aliyeutwanga mpunga ndipo makapi yakapatikana. Mila iliyojua kwa undani namna mlaji anavyowajibika kwa mlaji mwenziwe haikuwa na neno la wajibu wa mlaji kwa mpishi, na ukimya huo umerithiwa na sinia nyingi za leo, zinazopokelewa mlangoni na mkono usioonekana uso.

Utendi unaishia penye maji. Mwana wa Liyongo, aliyetumwa na mfalme, anapokewa na baba yake kwa mapenzi, anaitafuta siri ya kifo chake na kuipata, kisha anamchoma sindano ya shaba kitovuni akiwa amelala. Kitovu ndipo mtu alipolishwa kwanza kabla hajazaliwa. Ni vigumu kuamini kwamba mapokeo yalipateua mahali hapo kwa bahati tu. Liyongo anaamka, anatwaa uta, anakwenda hadi karibu na kisima cha mji, anapiga goti na kupachika mshale. Anakata roho katika hali hiyo. Watu wakimwona wanadhani yu hai na ameghadhibika, na hakuna anayethubutu kukisogelea kisima. Mji uliokuwa ukila chakula chake gerezani unakaa na kiu siku baada ya siku mbele ya maiti. Mwishowe wazee wanamwendea mama yake. Ni yeye yule aliyeoka mkate, na sasa anaombwa aende kumbembeleza mwanawe ili waliomuua wapate maji. Anakwenda. Anasimama mbali kidogo na kisima, anamwimbia, na anarudi tena siku nyingine kumwimbia, hata mwili ulipoanguka na ikajulikana kwamba amekufa zamani. Watu wakashuka na kata zao.